Mtambo wa sauti wa kidijitali usiwe siri ya mtu mmoja

KUNUNUA mtambo wa kidijitali wa kuchanganya sauti ni jambo moja. Kuufanya umtii mtumiaji ni jambo jingine. Mitambo hiyo, ambayo zamani ilionekana tu katika studio kubwa na kumbi za kifahari, imeshuka bei kiasi cha kufikiwa na kanisa la mashambani, shule ya upili, kikundi cha kwaya au kijana anayekodisha vyombo vya harusi na matanga. Lakini pamoja na mtambo huja kitabu cha maelezo chenye kurasa nyingi za Kiingereza kigumu, na mara nyingi kitabu hicho husalia ndani ya katoni.

Matokeo yake yanafahamika. Kijana mmoja mwenye kipaji hujifunza kwa kubahatisha, akauzoea mtambo, na watu wote wakamtegemea. Siku anapopata kazi katika mashamba ya maua ya Naivasha, au anapokwenda Nakuru au Nairobi kutafuta riziki, anaondoka na ujuzi wote kichwani. Mtambo ulionunuliwa kwa fedha za harambee hubaki mezani ukiwaka taa za kila rangi, wala pasiwe na mtu wa kuutoa sauti.

Kwa eneo kama Ndabibi hasara hiyo si ndogo. Ndabibi iko magharibi mwa Ziwa Naivasha, katika nyanda zilizo baina ya mlima Eburru na miinuko ya Mau. Ni nchi ya wakulima na wafugaji, ambako fundi wa sauti aliyesomea kazi hiyo hapatikani kila kona. Mtambo ukigoma Jumapili asubuhi, au jeneza likiwa tayari uwanjani na waombolezaji wamekaa, hakuna wa kuitwa akafika kwa dakika kumi. Ndiyo maana kitabu cha mwongozo, ambacho mjini huenda kikadharauliwa, huku ni sawa na fundi wa pili.

Mtambo wenyewe ni nini?

Kazi ya mtambo wa kuchanganya sauti, ambao wengi huuita miksa, haijabadilika tangu enzi za redio za mwanzo. Unapokea sauti kutoka kwa maikrofoni na ala mbalimbali, unazipima, unazisafisha, unazichanganya kwa kiasi kinachofaa na kuzipeleka kwenye spika.

Katika mtambo wa zamani, yaani wa analogi, sauti hupita ndani kama mkondo wa umeme unaopanda na kushuka. Kila kazi ina kitufe chake. Mtambo wa njia 32 huwa na safu 32 za vitufe, na mtu akiutazama huona kila kitu kwa mara moja.

Mtambo wa kidijitali huugeuza mkondo huo kuwa tarakimu. Kwa kawaida sauti hupimwa mara 48,000 katika kila sekunde moja, na kila kipimo huandikwa kwa tarakimu za biti 24. Kuanzia hapo mtambo ni kompyuta inayopiga hesabu: kuongeza sauti ni kuzidisha, kuchanganya ni kujumlisha. Mwishoni tarakimu hugeuzwa tena kuwa umeme na kupelekwa kwenye vikuza sauti na spika.

Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa mtambo wake wa kidijitali wa DMP7 mwaka wa 1987, na mwaka wa 1995 ikatoa 02R uliopendwa sana na studio. Mwaka wa 2012 kampuni ya Behringer ilileta X32, mtambo wenye matundu 32 ya maikrofoni na njia 16 za kutolea sauti, kwa bei iliyowashangaza wengi. Allen & Heath ya Uingereza ilifuata mwaka wa 2013 kwa Qu-16. Tangu hapo mlango ulifunguka, na leo mitambo mipya na iliyotumika hupatikana hata katika maduka ya vyombo vya umeme ya barabara ya Luthuli, Nairobi.

Faida yake ni kubwa. Chombo kimoja hufanya kazi iliyohitaji kabati zima la vyombo. Lakini kuna gharama moja ambayo muuzaji haitaji: vitufe ni vichache kuliko kazi. Mengi yamefichwa nyuma ya kioo, na asiyejua yalipo hawezi kuyafikia. Kinachouonyesha mlango wa kila chumba kilichofichwa ni kitabu cha mwongozo.

Kitabu kisomwe vipi?

Kosa la kwanza ni kukisoma kama riwaya, kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Msomaji huchoka kabla ya kufika mbali. Kosa la pili ni kutokisoma kabisa.

Njia bora ni kukisoma kwa hatua nne. Kwanza, hakikisha kitabu ni cha mtambo huo hasa. Majina ya mitambo hukaribiana, na programu inayouendesha hubadilishwa mara kwa mara na mtengenezaji. Toleo la programu huonyeshwa kwenye kioo mtambo unapowashwa au katika ukurasa wa mipangilio. Aliyenunua mtambo uliotumika bila kitabu anaweza kukipata bure katika tovuti ya mtengenezaji, akakihifadhi kwenye simu na, ikiwezekana, akachapisha kurasa muhimu katika duka la kompyuta mjini Naivasha.

Pili, soma kurasa za maonyo ya usalama. Hapo ndipo pameandikwa volti zinazotakiwa, nafasi ya kupitisha hewa na mambo yanayoweza kuua mtambo. Umeme wa Kenya ni volti 240. Mitambo mingi ya leo hukubali kuanzia volti 100 hadi 240, lakini chombo kilicholetwa kutoka Marekani kikiwa kimetumika huenda kimetengenezwa kwa volti 120 pekee. Kukichomeka bila kusoma kibandiko cha nyuma ni kukichoma.

Tatu, tafuta mchoro wa njia ya sauti. Mara nyingi huwa mwishoni, umejaa mistari na visanduku, na wengi huuruka. Huo ndio ukurasa wenye thamani kuliko yote. Unaonyesha sauti inaingilia wapi, inapita visanduku gani kwa mpangilio gani, na inatokea wapi. Tatizo lolote la kukosa sauti hutatuliwa kwa kuufuata mchoro huo kwa kidole, kama mtu anayefuata mfereji wa maji shambani kutafuta mahali ulipozibwa.

Nne, sura zilizobaki zisomwe mtambo ukiwa mbele, sura moja kwa siku moja, kila jambo likijaribiwa papo hapo. Siku ya kujifunza si siku ya ibada wala ya mazishi.

Kuwasha na kuzima

Mpangilio wa kuwasha ni sheria isiyo na msamaha. Mtambo huwashwa kwanza, ukaachwa umalize kujiandaa, ndipo vikuza sauti na spika zenye umeme wake ziwashwe mwisho. Wakati wa kuzima mambo hugeuzwa: spika kwanza, mtambo mwisho. Anayekiuka utaratibu huu husikia mshindo mkubwa kwenye spika, na mishindo ya namna hiyo ikirudiwa hupasua spika ndogo za sauti za juu.

Kama mtambo umetumiwa na mtu mwingine, jambo la kwanza ni kuurudisha katika hali ya kiwandani. Mipangilio ya mtumiaji wa zamani huwa kama mitego: sauti ya chaneli ya tatu huenda imeelekezwa kusikojulikana, na mtu akahangaika mchana kutwa akidhani waya umekatika. Kitabu huonyesha jinsi ya kufanya hivyo. Kabla ya kufuta, mipangilio ya zamani ihifadhiwe kwenye kijiti cha USB, maana huenda ikahitajika.

Fuata sauti moja tu

Mwanafunzi asianze na kwaya ya watu 30. Aanze na maikrofoni moja, chaneli moja na spika moja, naye aifuate sauti hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza ni kitufe kilichoandikwa GAIN. Hiki ndicho mlango. Maikrofoni hutoa umeme mdogo mno, na kitufe hiki huukuza hadi kiwango ambacho mtambo unaweza kuufanyia kazi. Msemaji aombwe aseme kwa nguvu atakayoitumia kweli, si kunong'ona “moja, mbili”, huku kipimo cha mwanga kikitazamwa.

Hapa ndipo aliyezoea mtambo wa analogi hukosea. Katika mtambo wa zamani, kupita alama ya sifuri kidogo hakukuwa na madhara makubwa. Katika mtambo wa kidijitali sifuri ya kipimo hicho ni dari ya zege. Juu yake hakuna tarakimu nyingine. Kilele cha sauti hukatwa, na hutoka mkwaruzo unaoumiza masikio ambao hakuna kitufe cha mbele kinachoweza kuusafisha. Kwa hiyo sauti ya kawaida iachwe icheze karibu na desibeli 18 chini ya sifuri, ili mhubiri akipaza sauti ghafla au mwimbaji akipandisha, pawe na nafasi ya kupumua.

Hatua ya pili ni umeme wa volti 48, ulioandikwa +48V. Maikrofoni za aina ya kondensa haziwezi kufanya kazi bila umeme huo; zile za kawaida za kushikwa mkononi hazihitaji. Kabla ya kuuwasha au kuuzima, chaneli inyamazishwe kwa kitufe cha MUTE, vinginevyo mshindo utasikika uwanja mzima. Vilevile usiwashwe kiholela kwa chaneli zote, kwa kuwa baadhi ya vyombo, hasa maikrofoni za zamani za utepe, vinaweza kuharibika.

Hatua ya tatu ni kichujio cha sauti nzito. Katika sauti ya msemaji, chini ya hezi 80 au 100 hakuna neno. Kuna vishindo vya miguu jukwaani, upepo na mngurumo wa jenereta. Kitufe kimoja huondoa yote hayo. Katika nyanda zenye upepo kama za Ndabibi, kichujio hiki kisizimwe kwa maikrofoni ya msemaji.

Hatua ya nne ni kitelezo, ambacho mafundi hukiita feda. Feda haikuzi sauti mlangoni. Huamua tu ni kiasi gani cha sauti hiyo kiende kwenye mchanganyiko. Ikiwa feda imepandishwa hadi juu kabisa na sauti bado ni hafifu, kasoro iko kwenye GAIN au kwenye umbali wa mdomo na maikrofoni. Ikiwa feda imeguswa kidogo tu na sauti inavuma, GAIN imezidi.

Tabaka zinazowapoteza wengi

Mtambo wa kidijitali hutumia feda zilezile kwa kazi tofauti. Feda ya kwanza inaweza kuwa ya mhubiri. Mtumiaji akibonyeza kitufe cha tabaka la pili, feda hiyohiyo inageuka kuwa ya gitaa. Katika mitambo yenye mota ndani, feda hujisogeza zenyewe, jambo linalomtisha anayeliona mara ya kwanza.

Hatari yake ni kubadilisha kitu kisichokusudiwa. Mtu akidhani anapunguza ngoma, kumbe ananyamazisha spika ambazo waimbaji hujisikilizia. Kwa sababu hiyo kila chaneli ipewe jina kwenye kioo. Jina liwe katika lugha ambayo kila mhudumu anaielewa: “Mhubiri”, “Soprano”, “Kinanda”, “Mfawidhi”. Kazi hiyo ya nusu saa huondoa makosa ya mwaka mzima.

Vilevile mtumiaji ajue kitufe cha SELECT. Katika mitambo mingi kitufe hicho ndicho huuliza: “Unataka kushughulikia chaneli ipi?” Ukikisahau, marekebisho yote yanayofanywa kwenye kioo huingia katika chaneli iliyochaguliwa mwisho. Kanuni ni rahisi: soma jina, kisha gusa.

Bati, mvua na konsonanti

Majengo mengi ya ibada mashambani yana paa la mabati na kuta ngumu. Sauti hugonga ukuta, ikarudi, ikagongana na nyingine, hadi maneno yakawa uji. Wengi hujaribu kuliponya tatizo hilo kwa kuongeza sauti, nao huongeza mwangwi.

Sababu iko katika lugha yenyewe. Nguvu ya sauti ya binadamu iko zaidi katika irabu, ambazo ni nzito. Lakini maana iko katika konsonanti, ambazo ni nyepesi na hukaa juu, kuanzia kama hezi 2,000. Tofauti ya “limepimwa” na “limelimwa” ni konsonanti moja tu, na katika baraza linalojadili shamba konsonanti hiyo inaweza kuzua ugomvi. Konsonanti zikizama, wazee wa nyuma husikia kelele lakini hawasikii neno.

Dawa ni kupunguza badala ya kuongeza. Sehemu ya mtambo inayorekebisha rangi ya sauti, yaani ekwalaiza, huonyeshwa kwenye kioo kama mstari unaoweza kukunjwa. Mstari ukishushwa kidogo kati ya hezi 200 na 400, uji hupungua na konsonanti hujitokeza zenyewe. Baada ya hapo spika zielekezwe kwa watu, si kwa ukuta wala dari, na maikrofoni iletwe karibu na mdomo.

Ule mlio mkali unaokatiza hotuba nao una asili yake. Sauti ya spika huingia tena kwenye maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka, ikaingia tena, hadi ikawa mzunguko usio na mwisho. Tiba ya kwanza si kitufe chochote. Ni kuweka spika mbele ya maikrofoni, kuelekea watu, na kunyamazisha kila maikrofoni isiyotumika.

Hadhara ya uwanjani

Katika mazishi na mikutano ya hadhara watu huwa wengi, na spika za mbele hazitoshi. Huwekwa spika nyingine katikati ya umati. Hapo msikilizaji wa nyuma husikia kila neno mara mbili: kwanza kutoka spika ya karibu, kisha kutoka ile ya mbali.

Sababu ni kwamba umeme hupita kwenye waya kwa kasi kubwa mno, ilhali sauti hewani husafiri kama mita 340 tu kwa sekunde. Spika ya pili ikiwa mita 30 mbele ya ile ya kwanza, sauti ya kwanza huchukua takriban milisekunde 88 kuifikia. Mitambo mingi ya kidijitali huweza kuichelewesha sauti ya spika ya pili kwa kiasi hichohicho. Hatua za miguu zikipimwa na hesabu ikafanywa, sauti mbili huwa moja. Huu ni msaada ambao mtambo wa analogi peke yake haukuweza kuutoa.

Umeme, vumbi na simu

Mtambo wa kidijitali ni kompyuta, nao huchukia umeme unaokatika. Wakazi wa Ndabibi hawako mbali na Olkaria, kusini mwa ziwa, ambako mvuke wa ardhini umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Hata hivyo ujirani huo hauwi kinga, kama ilivyodhihirika Agosti 25, 2023, giza lilipotanda karibu nchi nzima. Umeme ukirudi, mtambo wa analogi hulia papo hapo; wa kidijitali huanza upya, na umati hungoja.

Kwa hiyo betri ya akiba ya kompyuta, inayojulikana kama UPS, si anasa. Haina haja ya kuendesha spika. Iushikilie mtambo tu hadi jenereta iwashwe. Jenereta nayo iwashwe kwanza, itulie, ndipo vyombo vichomekwe.

Udongo wa eneo la Naivasha una asili ya volkeno, na wakati wa kiangazi vumbi lake huingia kila upenyo. Vumbi chini ya feda huifanya ikwame. Mtambo ufunikwe kwa kitambaa kila baada ya kazi, lakini usifunikwe ukiwa umewashwa, kwani matundu ya hewa yakizibwa hupata joto. Chai na soda zisikaribie meza hiyo.

Baadhi ya mitambo huendeshwa kwa simu au tableti kupitia mawimbi ya Wi-Fi. Haihitaji intaneti. Inahitaji kifaa chake cha kutoa mawimbi, chenye neno la siri ambalo halijulikani na umati. Mtandao ukiachwa wazi, mtoto mwenye simu anaweza kuishusha sauti ya mhubiri akiwa amekaa kiti cha nyuma.

Masikio na sheria

Nguvu bila kipimo ina madhara. Desibeli hazihesabiwi kama shilingi: kila zikiongezeka 3, nishati ya sauti huongezeka maradufu. Katika mwongozo wake wa mwaka wa 2022 kuhusu kumbi za burudani, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa sauti usizidi desibeli 100 katika muda wa dakika 15. Seli za sikio zilizokufa hazioti tena, na wanaokaa karibu na spika kila Jumapili mara nyingi ni watoto.

Nchini Kenya kanuni za kudhibiti kelele zilizotolewa mwaka wa 2009 chini ya sheria ya mazingira ziliweka viwango vya makazi ya watu, nje ya nyumba, kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku, usiku ukianza baada ya saa mbili. Katiba ya 2010 nayo ilizipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Wanaoandaa kesha au tamasha ni vyema waulize mapema kuhusu kibali.

Kesha lina sababu ya ziada ya tahadhari. Usiku, ardhi ya nyanda za juu inapopoa haraka, hewa ya chini huwa baridi kuliko ya juu, na sauti hupindwa kurudi chini badala ya kupotea angani. Sauti iliyokuwa ya wastani jioni humfikia jirani wa mbali usiku wa manane.

Hifadhi, andika, fundisha

Uwezo mkubwa kuliko wote wa mtambo wa kidijitali ni kumbukumbu. Sauti ikishapangwa vizuri, hali yote ya mtambo huweza kuhifadhiwa chini ya jina moja, ambalo katika mitambo mingi huitwa SCENE, na kurudishwa kwa kubonyeza mara moja. Ndabibi inaweza kuwa na hali ya “Ibada”, ya “Kwaya ya Vijana”, ya “Mazishi Uwanjani” na ya “Mkutano wa Wazazi”. Nakala iwekwe kwenye vijiti viwili vya USB: kimoja kwa mtumiaji, kingine kwa katibu. Hali mpya isifunguliwe katikati ya shughuli bila kunyamazisha spika, kwa sababu huweza kufungua maikrofoni zilizokuwa zimefungwa.

Kumbukumbu ya mtambo pekee haitoshi. Pawe na daftari kando yake. Humo yaandikwe kwa Kiswahili: mpangilio wa kuwasha na kuzima, jedwali la nani ameunganishwa tundu gani, maana ya maneno kumi ya Kiingereza yaliyo kwenye vitufe, kurasa za kitabu zinazojibu matatizo ya mara kwa mara, na kila hitilafu iliyotokea pamoja na dawa yake. Programu ya mtambo isibadilishwe Jumamosi usiku. Ibadilishwe siku yenye nafasi, umeme ukiwa imara, nakala zikiwa zimehifadhiwa.

Kisha wafundishwe watu watatu, si mmoja, na angalau mmoja wao awe msichana, kwani katika makundi mengi meza ya sauti imeachiwa wavulana bila sababu yoyote ya kitaalamu. Mtihani wao uwe mwepesi: mtambo urudishwe katika hali ya kiwandani, nyaya zote zichomolewe, na kila mmoja kwa zamu yake, akiwa na kitabu na daftari pekee, atoe sauti ya maikrofoni moja ndani ya robo saa.

Wote watatu wakifaulu, kundi limeumiliki mtambo wake. Akifaulu mmoja tu, bado ni mtambo wa mtu mmoja uliolipiwa na wengi, na siku atakapopanda matatu kwenda Naivasha na asirudi, wengine watarudi katika kupaza sauti kwa vinywa vitupu.